Mafia na mama asiyejua kuogelea: papa potwe, popo na kasa vinawezekana siku moja?

BintiMtera ameuliza:

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wanaokijua kisiwa cha Mafia kwa kuishi au kwa kazi.

Mama yangu ana miaka 63. Ameuza dagaa na samaki wakavu soko la Majengo hapa Dodoma tangu sijaanza shule, na bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Maji makubwa anayoyajua ni bwawa la Mtera. Mwezi uliopita aliona video ya papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa, kwenye simu yangu, akaitazama mpaka ikaisha, kisha akauliza, "Huyu anauzwaje?" Nikamwambia hauzwi, anatazamwa tu. Akacheka mpaka wateja wa meza ya jirani wakageuka. Toka siku hiyo kila nikirudi kazini ananiuliza tunakwenda lini kumtazama huyo samaki asiyeuzwa.

Nina likizo fupi katikati ya Novemba. Mpango wangu: basi mpaka Dar, kisha Nyamisati, kivuko mpaka Kilindoni, tunalala usiku mmoja. Asubuhi tunakodi boti, tunazunguka visiwa mpaka jioni: papa potwe, popo wa Chole, vitoto vya kasa kule Juani, pomboo, na nyangumi tukibahatika. Keshoyake tunarudi.

Mama hajui kuogelea kabisa. Magoti yanamsumbua, na njia yenye kona nyingi humtapisha. Je, akibaki ndani ya boti atamwona potwe au nitakuwa nimemleta kuangalia migongo ya watu wanaoruka majini? Na boti nzuri nitaijuaje, maana kila niliyempigia simu ameniambia yake ndiyo nzuri.

BahariaWaOmo amejibu:

Dada, karibu Mafia. Mimi ni baharia hapa Kilindoni, mwaka wa 11 nasimama omo, yaani mbele ya chombo, kutafuta potwe. Kabla ya hapo nilikuwa mvuvi wa dagaa, nyavu za mtando, zile za kuzungushia samaki. Nitakuambia kama kazi ilivyo, na mengine hayatakufurahisha.

Kwanza mpango wako una siku tatu ndani ya siku moja. Potwe wako upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni hapa hapa, mara nyingine karibu na pwani mpaka unasikia adhana ukiwa juu yao. Chole na Juani ziko mashariki, unakwenda kwa gari mpaka Utende ndipo upande chombo kingine. Kuzunguka kisiwa kwa boti ndogo na mama mwenye magoti mabovu, hapana. Nahodha atakayekubali safari hiyo anataka hela yako tu.

Pili, wanyama hawa hawakutani kwenye kalenda. Potwe tunawaona vizuri kuanzia Oktoba mpaka Februari, Machi wanapungua. Vitoto vya kasa Juani vinatoka mchangani Juni mpaka Septemba, kwa hiyo Novemba utaonyeshwa ufuko mtupu. Nyangumi nao wanapita miezi ya upepo wa kusi, Agosti mpaka Oktoba hivi, wakiwa na watoto wao. Novemba wengi wameshateremka kurudi baridini. Pomboo hawana msimu, lakini pia hawana miadi. Popo wa Chole wapo muda wote, mchana wananing'inia kwenye miti mikubwa kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba.

Kwa Novemba, basi, shika mawili: potwe na popo. Ongeza usiku mmoja. Potwe iwe asubuhi ya kwanza, ili bahari ikikataa uwe na asubuhi ya pili.

Novemba umeichagua vizuri hata kama hukujua. Ni tanga mbili, kusi imeisha na kaskazi haijashika, maji yanatulia asubuhi kama mafuta. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kutapika. Ya pili mkalishe mama katikati kuelekea tezi, yaani nyuma, asikae omo kwa kufuata mandhari, maana omo ndiko chombo kinakopiga maji. Atazame mbali, asiiname kwenye simu. Ale kitu kikavu kabla ya kutoka, tumbo tupu ni baya kuliko tumbo lililoshiba. Tangawizi atafune, haidhuru.

Sasa swali lako kubwa. Asiyeogelea anamwona potwe, na mara nyingi anamwona vizuri kuliko waogeleaji. Sababu ni chakula. Potwe hapa anafuata uduvi, wale kamba wadogo sana. Uduvi ukipanda juu, naye anapanda juu, anakula mdomo wazi usawa wa maji, pezi la mgongo nje. Maji yenyewe siku hiyo yanakuwa mazito, ya kijani au kahawia, si yale ya bluu ya kwenye matangazo. Aliyeko majini na miwani anaona mita chache tu, mara ukuta wenye madoa unampita, umekwisha. Aliyekaa kwenye boti anamwona toka pua mpaka mkia.

Namna tunavyomtafuta: ndege kwanza. Ukiona membe wanashuka na kupanda mahali pamoja, pana dagaa au vibua wanaosukumwa juu. Kisha rangi ya maji. Kisha wavuvi wenyewe, ukimwuliza mtu aliyelala baharini usiku kucha atakuelekeza kwa kidevu tu. Mtando na potwe ni majirani wa siku nyingi kwa sababu dagaa wanamfuata. Nikiwa mvuvi ametuingilia wavuni si mara moja. Tulikuwa tunazamisha kamba ya maboya mpaka apite juu yake, na wavu tunaushona kesho. Hakuna aliyefikiria kumchoma.

Zamani wazee wakituambia Machi potwe wanahamia Msumbiji, nasi tukawaambia wageni hivyo hivyo. Wakaja watafiti wakawafunga vifaa vya kutoa mlio. Kumbe wengi hawaendi popote, wanashuka kina kirefu na kusogea mbali kidogo na pwani, sisi tu ndio hatuwaoni. Tangu nisikie hilo nimeacha kusema "leo hawapo". Nasema hawajapanda.

Kuhusu boti nzuri usiulize mashine ina nguvu kiasi gani. Muulize nahodha: "Ukimwona potwe unafanya nini?" Akikujibu kwamba anamkimbilia ili mruke mbele yake, kata simu. Anayejua kazi atakuambia anapunguza mwendo angali mbali, anakaa ubavuni, hamkati njia, na karibu naye anazima mashine. Watu wanateremka taratibu bila kuruka. Hakuna kumgusa, hakuna taa ya kamera, unakaa mita tatu kutoka mwilini na zaidi kutoka mkiani. Meno yake ni kama punje za mchele na koo lake dogo, hana shida na wewe. Mkia ndio utakuvunja mbavu, tena bila hata yeye kujua.

Jaketi okozi mama avae toka ufukweni, lifungwe kamba zote. Uliza pia maji yatakuwaje saa ya kuondoka. Yakiwa yamekupwa boti inakaa mbali na mtatembea ndani ya maji mpaka magotini.

Kijana Mzee amejibu:

Baharia amesema kweli, sina cha kuongeza ila kilio changu. Nilikwenda Januari mwaka jana. Tulikuwa boti tano juu ya samaki mmoja. Kila akijitokeza boti zote zinageuza na kumfuata, moshi wa mashine machoni, watu wanarukiana vichwani. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunampigia nahodha kelele aongeze mwendo, naona haya kusema. Nilichopiga picha ni kisigino cha mtu nisiyemjua.

Dada, nendeni mapema sana. Boti nyingi zinatoka baada ya chai.

MwanaVumba amejibu:

Niko Shimoni, Kwale, upande wa pili wa mpaka, mniruhusu niingilie. Huku kwetu yuko anayemwita papa shilingi, kwa yale madoa. Wazee husema Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa mno, akawapa malaika sarafu wammwagie mgongoni. Kila akipanda juu anakuja kushukuru.

Dadangu, mama akishazoea bahari mlete na Kisite-Mpunguti. Pomboo tuko nao mwaka mzima, mara wako kumi mara wako wawili, na nyangumi twawaona Julai mpaka Septemba wakipita nje ya mwamba. Kwa mtu wa magoti, Wasini kuna daraja la mbao la kina mama, lapita juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu na katikati ya mikoko. Anatembea pole pole, kaa wa mikoko chini yake. Hamna kuruka popote.

Lakini nami nina swali kwa Baharia. Kwetu manahodha wengine huwafuata pomboo kwa mzunguko, wakisema wanapenda kucheza na boti. Potwe naye hucheza?

BahariaWaOmo amejibu:

Ndugu yangu wa Shimoni, pomboo akitaka kucheza anakuja mwenyewe mbele ya omo, humtafuti. Potwe hachezi, yuko kazini. Wapo wenye udadisi wa kuja kuchungulia boti ikisimama kimya, hasa wadogo, na wa hapa wengi ni madume ambayo hayajapevuka, mita sita, saba, nane. Lakini aje yeye.

Dada, nilisahau: beba kitambulisho cha taifa. Lango la hifadhi ya bahari liko upande wa Utende, na raia halipi sawa na mgeni. Ratiba ya kivuko uliza siku moja kabla, usitegemee ya mwezi uliopita.

BintiMtera amejibu (baada ya wiki sita):

Wadau, tumerudi. Nimechelewa kuandika kwa sababu mama aliyamaliza mwenyewe sokoni, mtaa mzima wa Majengo unajua.

Nilifuata ushauri, siku mbili kamili. Simu ya kwanza nahodha alinijibu, "Tukimwona tunamfukuzia mpaka achoke." Nikakata. Wa tatu alijibu taratibu, "Tukimwona tunanyamaza, dada." Huyo huyo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa kama alivyosema Baharia. Mama alivua ndala, akafunga kanga juu ya magoti, akashika bega la kijana mmoja na kuingia baharini kwa mara ya kwanza maishani mwake akilalamika kwamba mchanga unamkimbia miguuni. Katikati ya njia akasimama, akachovya kidole akakilamba. "Kweli ni chumvi," akasema, kama mtu aliyekuwa akidanganywa miaka yote.

Saa nzima na nusu hakuna kitu. Kijana kasimama omo, mkono juu ya macho. Nahodha anakwenda, anazima, anasikiliza, anawasha. Nilianza kupiga hesabu ya hela niliyotumia. Mama yeye hakuchoka, alikuwa anahoji wavuvi wote tuliowapita: umepata nini, unauza wapi, ndoo bei gani. Mmoja alipoulizwa habari za potwe hakufungua mdomo, alielekeza kwa kidevu. Nikacheka peke yangu.

Tulikokwenda maji yalibadilika yakawa kama supu. Mashine ikazimwa. Kijana akateka maji kwa kopo, akampa mama atazame. Ndani mlikuwa na vitu vidogo vinarukaruka, vyeupe vya kuona mpaka ndani, macho kama nukta za kalamu. Mama akakisogeza kopo puani. Akaniangalia.

"Huu si uduvi?"

Ndiyo, uduvi. Mama ameuuza uduvi mkavu kwa kikombe zaidi ya miaka 20, tena ndio unaomtoa mwisho wa mwezi, na hakuwahi kuuona ukiwa hai. Akauliza samaki mkubwa namna ile anakula huu. Nahodha akasema, huu ndio anaoupenda hapa. Mama akatikisa kichwa, "Kumbe tunagombea mzigo mmoja."

Hapo kijana akanyoosha mkono bila kusema. Mimi niliona kivuli, nikadhani ni fungu la mchanga. Fungu likageuka. Mdomo ukafunguka usawa wa maji, mpana kama mlango wa kibanda cha mama, bapa, hauna meno ya kuonekana, na ukaanza kuyanywa maji yale. Una sauti! Hilo hakuna aliyeniambia. Ni kama mtu anayevuta uji wa moto, taratibu, hana haraka. Mbele ya mdomo kulikuwa na visamaki vya manjano vyenye mistari vinaogelea kama watoto mbele ya ngoma, nahodha akasema ni kolekole wachanga. Chini ya tumbo walijibandika chazo wawili, wale samaki wa kung'ang'ania wenzao. Mgongoni madoa meupe yamepangwa kwa safu, katikati ya mistari, na hayakuwa sawa kushoto na kulia. Urefu alikaribia boti yetu, nahodha akakadiria mita saba.

Nikavaa miwani, nikashuka. Na hapa MwanaVumba na wengine mnicheke: nilimeza maji, mrija ukajaa, nikainua kichwa, nilipokirudisha nikaona mkia tu unaondoka. Mara mbili. Nilipopanda botini nimechoka mama alikuwa ameinama ukingoni, mikono miwili imeshika mbao, na samaki anapita chini yake mkono wa mtu ungefika. Hakuunyoosha. Alimwona jicho, ananiambia ni dogo mno kwa mwili ule, na lilimtazama.

Tulikaa naye kama dakika 25. Akaja wa pili, mdogo zaidi. Halafu ikaja boti nyingine kwa kasi, ikapita katikati, watu wakaruka kwa vishindo. Wote wawili wakazama. Hawakufanya fujo yoyote, walishuka tu kama lifti, na maji yakabaki matupu. Nahodha wetu hakugombana na mtu, aliwasha mashine akatupeleka kando. Mama ndiye aliyewasemesha wale. Sitaandika alichosema.

Kichefuchefu kilimshika wakati wa kurudi tu, akatapika mara moja, akanawa, akaendelea na hadithi.

Kesho yake Chole jioni. Popo ni wengi na wanagombana kama abiria stendi, wanapoondoka kwenda kula ndipo unaona ukubwa wa mabawa. Mimi nilipenda kuliko potwe, mama hakupenda, anasema wana sura za mbwa. Juani hatukwenda, kasa tumewaacha mpaka Julai Mungu akipenda.

Kaka Baharia, nina swali. Yule wa pili ncha ya juu ya mkia wake ilikuwa imekatika, kidonda kimepona kikawa cheupe. Ni mashine ya boti? Mama hajalala vizuri kwa ajili ya hicho kidonda.

BahariaWaOmo amejibu:

Dada, umefanya nitabasamu ndani ya boti peke yangu.

Mkia uliokatika unaweza kuwa panga la mashine, lile linalozunguka majini, unaweza kuwa kamba ya wavu iliyomzunguka akiwa mdogo. Panga huacha mikato ya sambamba, miwili mitatu, kama umekata mkate. Kamba hukata mahali pamoja mviringo. Kama una picha itazame hivyo. Na kama una ya ubavu wa kushoto, pale nyuma ya mashavu, itunze vizuri. Madoa ya hapo hayafanani kwa samaki wawili, ndiyo wanayotumia watafiti kumjua huyu ni nani na alionekana lini mara ya mwisho. Iwekeni hapa, nitawapelekea, huenda ana namba yake tayari. Mwambie mama wanapona vidonda vikubwa kuliko hicho, nimeona wenye kovu mgongo mzima na wanakula.

Sauti ya kunywa umeisikia kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa.

BintiMtera amejibu:

Picha ya kushoto ninayo, imepinda kidogo lakini madoa yanaonekana. Naituma usiku nikitoka kazini.

Mama anauliza jambo lingine, nami nimekataa lakini amenisimamia hapa: huo uduvi wa Kilindoni, ukikauka, debe wanauzaje?